Kuruka kiamshakinywa, kuwahi chajio au kufunga siku mbili kwa wiki: mfungo upi unamfaa mtu wa Kisumu na Nakuru?

Siku hizi mtu akikwambia anafunga, usikimbilie kumtakia Ramadhani njema. Kwenye jimu za Milimani hapa Kisumu, kwenye vikundi vya WhatsApp vya akina mama wa Section 58 kule Nakuru, hata katika vyumba vya walimu Kakamega, kufunga kumekuwa dawa ya kitambi, dawa ya sukari na, kwa wenye ndoto kubwa zaidi, dawa ya uzee. Shida ni kwamba kila mtu ana mfungo wake, na anayekusifia wake hajui zamu zako za kazi, vidonge unavyomeza wala saa ambayo jiko la nyumbani kwako huwashwa.

Hapa nimeipanga mifungo minne inayozungumzwa sana, kisha nikaweka pembeni njia ya tano ambayo watu huisahau: kupunguza tu kinachopakuliwa kwenye sahani kila siku, bila kuitazama saa. Niseme mapema ninakoegemea. Kwa wengi wetu, saa ya chajio ina uzito kuliko idadi ya saa za kukaa na njaa. Na kuhusu kuchelewesha uzee, utafiti wa binadamu ulio imara zaidi hauhusu hata mmoja kati ya mifungo hii minne. Unahusu hiyo njia iliyosahauliwa.

Inavyokwenda kwa saa zetu

Wa kwanza ndio maarufu kuliko yote: saa 16 bila chakula, saa 8 za kula. Wengi huufanya kwa kuruka kiamshakinywa, wakala kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku. Wa pili ni huohuo uliogeuzwa. Unakula tangu asubuhi, unamaliza mapema, tuseme saa 1 asubuhi hadi saa 9 alasiri, na baada ya hapo ni maji tu hadi kesho. Kwenye karatasi mifungo hii miwili ni pacha. Kwa mwili na kwa ndoa ni vitu viwili tofauti kabisa, kama tutakavyoona.

Wa tatu ni ule wa 5:2. Siku tano za wiki unakula kama kawaida, siku mbili zisizofuatana unajibana kwa kalori 500 hivi ukiwa mwanamke, 600 ukiwa mwanamume. Ulipata jina mwaka 2012 Michael Mosley, daktari aliyegeuka mtangazaji, alipoujaribu mwilini mwake kwenye runinga ya BBC. Ukitaka kujua kalori 500 zinafananaje mezani: kipande cha ugali cha ukubwa wa ngumi, sukuma wiki iliyotiwa kijiko kidogo cha mafuta, yai moja la kuchemsha na chungwa. Basi, siku imeisha. Chapati mbili za kibandani zinaweza kuimaliza hesabu hiyo kabla hata maharagwe hayajamwagiwa juu.

Wa nne ni wa leo kula, kesho kufunga, ambapo siku ya kufunga unapata kama robo ya chakula chako cha kawaida. Huu nitaumaliza sasa hivi. Mwaka 2017 watafiti wa Chicago walitoa matokeo ya watu 100 waliofuatiliwa kwa mwaka mzima. Waliofunga siku baada ya siku hawakupungua uzani kuwashinda wenzao waliopunguza chakula kidogo kila siku, na asilimia 38 kati yao walijitoa njiani, dhidi ya asilimia 29 ya upande wa pili. Kama watu waliokuwa na wataalamu wa lishe wa kuwashika mkono walichoka hivyo, sioni mkata miwa wa Mumias akiuweza na panga mkononi.

Katika mifungo yote maji yanaruhusiwa, kadhalika kahawa nyeusi na strungi, yaani chai ya rangi, isiyo na sukari. Hapo kwenye chai ndipo tunapoteleza. Chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari ni chakula. Mwalimu anayesema amefunga hadi mchana, kumbe saa 4 alipiga kikombe pamoja na wenzake, hajafunga. Amekula kiamshakinywa cha majimaji.

Na mambo haya yasichanganywe na saumu. Saumu ni ibada, haina hata tone la maji mchana, na huku kwetu ambako ikweta inapita pale Maseno huchukua zaidi ya saa 13 tangu alfajiri hadi magharibi, mwezi wowote wa mwaka. Tena chakula chote huliwa usiku, kati ya futari na daku. Anayesoma kwamba utafiti fulani wa Marekani umeonyesha faida ya kufunga asitarajie kuipata faida hiyohiyo Ramadhani, wala anayeona Ramadhani imempunguza kilo mbili asidhani mfungo wa jirani yake utafanya vivyo hivyo.

Kwenye mizani hakuna mshindi

Tuanze na uzani, kwa kuwa ndio unaowaleta wengi. Mwaka 2022 watafiti wa Guangzhou, Uchina, walichapisha jaribio la watu 139 wenye unene wa kupindukia. Wote walipunguziwa kalori kwa mwaka mmoja. Nusu yao waliambiwa zaidi ya hapo wale kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni pekee. Waliobanwa saa walipungua kilo 8.0, wasiobanwa kilo 6.3, na tofauti hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba saa ziliongeza kitu. Inaweza kuwa bahati tu. Mfungo wa 5:2 nao ulijaribiwa Uingereza kwa wanawake 107 kwa miezi sita, matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Walipungua sawa na waliokula kidogo kila siku.

Wa kuruka kiamshakinywa, ambao ndio unaofanywa sana mitaani kwetu, ulitoka vibaya kuliko yote. San Francisco, mwaka 2020, watu 116, wiki 12. Kikundi kimoja kilikula saa 6 mchana hadi saa 2 usiku bila kuambiwa wapunguze kiasi, kingine kilikula milo mitatu ya kawaida. Tofauti ya uzani kati yao haikuonekana. Kibaya zaidi, kwa wachache waliopimwa kwa kina, sehemu kubwa ya kilichopotea kwa waliofunga haikuwa mafuta, bali tishu zisizo mafuta, misuli ikiwemo. Kumbuka hilo la misuli, tutalirudia kwenye uzee.

Wauzaji wa mifungo hupenda kueleza kwamba mwili ukikaa muda mrefu bila chakula hubadilisha gia. Ni kweli. Ini lina akiba ya sukari iitwayo glaikojeni, na inapoanza kwisha, mahali fulani kati ya saa 12 na 36 tangu mlo wa mwisho kutegemea ulichokula na ulivyojituma, mwili huegemea mafuta zaidi na ini hutengeneza ketoni. Wasichokisema ni kwamba mafuta yaliyochomwa usiku hurudi mchana ukifuturu kwa chipsi mwitu, soda na mandazi. Mfungo ni kufuli ya jikoni. Unasaidia kwa sababu mlango umefungwa, wala haujali kilichomo kabatini siku utakapofunguliwa.

Kwa hiyo kama shabaha yako ni kilo pekee, chagua unaoweza kuuishi bila kununa. Kuna watu ambao kupima sahani kila siku kunawachosha, na kwao amri moja tu, "saa hii sili", ni rahisi kuliko hesabu. Kuna wengine ambao njaa ya saa 5 asubuhi huwageuza simba ofisini. Hakuna utafiti utakaokuambia wewe ni yupi.

Sukari na presha: hapa asubuhi inaushinda usiku

Kwenye sukari hadithi inabadilika kidogo, na hapa ndipo mapacha wale wawili wanapoachana.

Mwaka 2018 watafiti wa Birmingham, jimbo la Alabama, waliwachukua wanaume wanane ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda bila kufikia kisukari. Kwa wiki tano walikula ndani ya saa 6, mlo wa mwisho ukiwa kabla ya saa 9 alasiri. Kwa wiki tano nyingine walikula ndani ya saa 12. Walilishwa makusudi kiasi cha kutosha ili uzani usishuke. Hata hivyo, katika kipindi cha kula mapema, insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na namba ya juu ya presha ikashuka kwa takriban 11. Wanane ni wachache mno, na ningependa kuona jaribio la aina hiyo kwa watu mia kadhaa wanaokula ugali. Lakini uzito wake ni huu: kilo hazikushuka na faida ilionekana.

Sababu inaeleweka. Mwili una saa yake ya ndani. Mchana kongosho hutoa insulini kwa wepesi. Giza likiingia, homoni ya usingizi iitwayo melatonini hupanda na uwezo wa kuishughulikia sukari hushuka. Sahani ileile ya ugali huacha sukari nyingi zaidi kwenye damu ikiliwa usiku wa saa 3 kuliko ikiliwa asubuhi. Hata panya wanatuambia hivyo. Mwaka 2022 maabara moja ya Dallas, Texas, ilionyesha kwamba panya waliopunguziwa chakula kwa asilimia 30 na kukila kidogo kidogo mchana na usiku waliishi kama asilimia 10 zaidi ya waliokula watakavyo. Waliopewa kiasi hichohicho, lakini kwa saa ambazo panya huwa macho, waliishi asilimia 35 zaidi. Panya huwa macho usiku. Sisi ni mchana.

Sasa hebu mtu ajaribu kumaliza kula saa 9 alasiri katika nyumba ya kawaida ya Nyalenda au Lurambi. Mama anafunga kibanda chake soko la Kibuye jua likizama, anapanda matatu, anafika, anawasha jiko, na chajio kinaiva wakati wa taarifa ya habari ya saa 3. Ugali ukiletwa mezani na mzee wa nyumba akasema hali, nyumba nzima itanyamaza. Ama amekasirika, ama amekula kwingine, na hilo la pili lina maswali yake. Mfungo wa mapema unashinda maabara, ila unashindwa sebuleni.

Ndiyo maana mimi huwashauri watu washike njia ya kati. Chajio kisogezwe hadi saa 1 jioni au kabla, halafu usile kitu hadi saa 1 au saa 2 asubuhi. Hizo ni saa 12 au 13, kubwa kuliko wengi wanavyodhani wanazipata, kwa sababu njugu za saa 4 usiku huwa hazihesabiwi. Ugali mkubwa uhamie chamcha. Jioni iwe samaki au omena, mrenda au kunde, na kipande kidogo cha kushikia mboga. Mama aliye sokoni hadi magharibi anaweza kuacha githeri au nyoyo imechemshwa tangu asubuhi, ikabaki kukaangwa tu. Si mfungo wa kutangazia watu kwenye WhatsApp, na hauna jina la kuvutia, lakini unachukua faida ya saa ya mwili bila kumtenga mtu na watoto wake.

Anayebaki kwenye ule wa kuruka kiamshakinywa, angalau asifungulie mlo mkubwa usiku. Ale chamcha kizito, chajio kiwe chepesi.

Na miaka je?

Hili ndilo swali ambalo limejaza mitandao ahadi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Habari ilianza na panya wa Clive McCay, Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1935. Waliopewa chakula kidogo chenye virutubishi vyote waliishi muda mrefu kuliko walioshiba. Jambo hilo limerudiwa mara nyingi kwa wanyama wadogo. Kwa nyani wa aina ya rhesus ikawa kizungumkuti. Kikosi cha Wisconsin kilitangaza mwaka 2009 kwamba nyani waliokula kidogo walikufa kwa nadra zaidi kutokana na magonjwa ya uzee. Mwaka 2012 kikosi cha taasisi ya taifa ya uzee ya Marekani kikasema kwao hakuna miaka iliyoongezeka. Walipokaa pamoja baadaye na kulinganisha, mwaka 2017, walikubaliana kwamba kula kidogo kulisaidia afya ya nyani, ila ilitegemea walianza wakiwa na umri gani na walikuwa wakila nini. Wa Wisconsin walikuwa wakilishwa sukari nyingi, na wale wa kulinganishwa nao walijilia watakavyo. Ukipunguza chakula kibovu kilichozidi, lazima uone nafuu. Ukipunguza chakula kizuri kisichozidi, kuna kidogo cha kuokoa.

Utafiti wa panya uliotoka mwaka 2024 ndio unaostahili kusomwa na kila mtu wa jimu. Panya majike 960, wa nasaba mchanganyiko kama sisi tulivyo, waligawanywa: wengine wakala watakavyo, wengine wakapunguziwa asilimia 20 au 40 kila siku, wengine wakafungishwa siku moja au mbili kwa wiki. Waliopunguziwa asilimia 40 ndio walioishi zaidi kwa wastani. Lakini nasaba ilikuwa na nguvu kuliko chakula, na katika waliokula kidogo, waliokawia kufa ni wale ambao miili yao iligoma kukonda. Waliokonda sana hawakufaidi kama hao. Mtu anayejipongeza kwa kila kilo inayoshuka, akiamini ananunua miaka, ajue kwamba hata panya hawakubaliani naye.

Kwa binadamu hatuwezi kusubiri miaka 80. Kwa hiyo jaribio kubwa la Marekani liitwalo CALERIE liliwachukua watu wenye afya, wasio wanene sana, wakaombwa wapunguze kalori kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Walifaulu kama asilimia 12. Damu yao ilipochunguzwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2023, kipimo kimoja cha mwendo wa kuzeeka kilionyesha umepungua kwa asilimia 2 hadi 3. Vipimo vingine vya umri wa mwili havikubadilika. Hilo ndilo jambo lenyewe, na angalia lilivyo: hakuna aliyefunga. Walipunguza sahani tu.

Halafu kuna ile hoja ya seli kujisafisha, otofajia. Yoshinori Ohsumi wa Japani alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kugundua jinsi seli zinavyovunja na kutumia upya vipande vyake vilivyochakaa. Kazi yake ya msingi ilikuwa kwenye hamira. Njaa huichochea kazi hiyo kwa wanyama wa maabara, hilo halina ubishi. Lakini ukisikia mtu akisema ukifika saa ya 16 otofajia "inawaka", muulize amepimaje. Hakuna kipimo cha kliniki, Kisumu wala kwingineko, ambacho utatoa damu ukaambiwa seli zako zimejisafisha kiasi gani tangu jana.

Upande wa pili nao una watishaji wake. Machi 2024, kwenye mkutano wa chama cha moyo cha Marekani uliofanyika Chicago, ilitangazwa kwamba watu waliokula ndani ya muda usiofika saa 8 walikuwa na hatari kubwa zaidi, asilimia 91, ya kufa kwa magonjwa ya moyo kuliko waliokula ndani ya saa 12 hadi 16. Vichwa vya habari vikalipuka. Takwimu hizo zilitokana na watu kueleza walichokula kwa siku mbili tu, na anayekula kwa saa chache huenda ni mgonjwa, mpweke, mvutaji sigara au mtu asiye na pesa. Haithibitishi kwamba mfungo unaua. Ila inatosha kumnyamazisha anayeapa kwamba hauna madhara kamwe.

Kwangu mimi, hoja nzito zaidi ya uzee ni ile ya misuli. Mtu akipita miaka 60 anapoteza misuli hata akila vizuri, na anayepoteza misuli huanguka, huvunjika nyonga, hulala kitandani. Nyanya aliyebaki peke yake Vihiga, anayekunywa chai na mkate asubuhi kisha ugali na mboga jioni, tayari anafunga bila kuambiwa. Dawa yake ni mayai, maharagwe, omena na maziwa, tena mara tatu kwa siku, pamoja na kutembea na kubeba vitu vyenye uzito kidogo. Anayempelekea habari za saa 16 amekosea nyumba.

Kazi yako, na Jumamosi za huku

Askari wa zamu ya usiku na wauguzi hubaki nje ya ushauri mwingi wa mitandaoni. Wao wana jambo moja la kujua. Jaribio la Boston la mwaka 2021, la watu 19 walioigiza kazi ya usiku maabarani, lilionyesha kwamba waliokula usiku sukari yao iliharibika, na waliokula mchana pekee hawakupatwa na hilo. Kwa hiyo askari wa lango ale vizuri kabla ya kuingia zamu, usiku ajipoze kwa maji na strungi, na mlo mwingine aupate asubuhi kabla ya kulala. Ikiwa njaa inamzidi, kitu chepesi kama yai kinamfaa kuliko chapati ya saa 8 usiku.

Mwendeshaji boda boda wa Kondele anashinda juani. Kwake hatari ya kwanza ni kusahau maji, na ya pili ni kizunguzungu akiwa na abiria. Akitaka kufunga, basi iwe usiku, chajio cha mapema, na asubuhi ale uji wa wimbi kabla ya kuwasha pikipiki.

Mfungo wa 5:2 nao una sifa moja ambayo sijaona watu wa Ulaya wakiitaja, kwa kuwa hawana Jumamosi kama zetu. Huku wikendi ni matanga, harambee, harusi na ruracio, yaani sherehe za mahari. Ukiwa kwenye mfungo wa saa 8 za kila siku, utakataa wali wa msibani saa 10 jioni na kuonekana unajidai. Kwenye 5:2 unaweka Jumanne na Alhamisi zako, Jumamosi unakula na watu. Wako pia wanaofunga Jumatano au Ijumaa kwa maombi ya kanisa. Hao wana siku moja mkononi tayari, wanahitaji kuongeza moja tu. Kwa mfanyakazi wa ofisini asiye mgonjwa, ambaye kusogeza chajio hakuwezekani nyumbani kwake, huu ndio ningemchagulia.

Hasara yake ni hizo siku mbili zenyewe. Kichwa huuma, hasira huwa karibu, na asiyepanga chakula chake asubuhi hujikuta jioni amekula siku nzima kwa pamoja.

Kabla ya kuanza

Wapo wasiostahili kujaribu hata mmoja kati ya hii: wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaokua, waliokonda, wanaopona kifua kikuu, na waliowahi kuwa na tatizo la kujinyima au kujitapisha chakula. Mwenye selimundu (sickle cell), ugonjwa ulio mwingi sana ukanda wa ziwa na Magharibi, asithubutu kufunga bila maji, kwani kukaukiwa ni moja ya vitu vinavyoleta mashambulizi ya maumivu. Na anayeruka chamcha kwa kuwa mfuko umetoboka hahitaji ushauri wa mfungo kutoka kwangu.

Vidonda vya tumbo huogopwa kuliko inavyostahili. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori, au na dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Njaa haivianzishi, ingawa aliye navyo anaweza kuumia zaidi tumbo likiwa tupu. Atibiwe kwanza.

Wenye kisukari ndio wanaonitia hofu, kwa sababu ndio wanaoshawishika haraka. Anayetumia metformini pekee hana hatari kubwa ya sukari kuporomoka. Anayetumia glibenklamidi au kujidunga insulini anayo, tena ya kuzimia, maana dawa huendelea kushusha sukari hata kama hukula. Utafiti wa Australia wa mwaka 2018, wenye watu 137 wa kisukari cha aina ya pili, uliona 5:2 ikishusha sukari ya muda mrefu sawa na kupunguza chakula kila siku. Lakini dozi za waliokuwa kwenye dawa za hatari zilirekebishwa na wataalamu. Wenye presha wanaomeza vidonge vya kutoa maji mwilini wanaweza kupata kizunguzungu wakisimama ghafla siku ya mfungo. Wanaotumia ARV zenye dolutegraviri wanaweza kuzimeza pamoja na chakula au bila chakula, kwa hiyo mfungo usiwe kisingizio cha kuruka kidonge; ila kama unameza pia metformini, mhudumu wako ajue, kwani dolutegraviri hupandisha kiwango chake mwilini.

Andika kwenye karatasi saa unazokusudia kula na majina ya dawa zako zote, za kienyeji zikiwemo, uende nayo kliniki siku yako ya kawaida ya kuchukua dawa. Uliza ni dozi ipi ibadilike na ufanye nini sukari ikishuka chini ya 4. Hadi ujibiwe, usiruke mlo. Chajio unaweza kukisogeza mapema kwa saa moja tangu leo.